Kuweka mbao juu ya jamvi (zege la sakafu) kabla ya vinili, huku Mtwara inafaa?

Mjukuu_Shangani:
Wakuu habari za jioni. Nina chumba kilikuwa gereji hapa Shangani nakigeuza kiwe chumba cha kulala cha mama, magoti yanamsumbua na chumba anachokaa sasa kipo uani, kila akitaka choo usiku lazima atoke nje. Shida ni sakafu. Iko chini kuliko korido kwa sentimita 8, nimepima na pimamaji na rula ya plasta, alafu imebonyea pale gari lilipokuwa linakaa na ina madoa ya oili. Malumalu mama hataki hata kusikia, anasema ukitoka kuoga yanakuangusha, ndo nikaona nimwekee vinili, sakafu ya plastiki ile ya vipande vya kubonyezana, unene milimita 5.

Sasa seremala wa hapa mtaani kaniambia tulaze mbao za 2x4 (inchi 2 kwa 4), juu plaibodi ya milimita 18, juu yake vinili, yani siku mbili mtu kahamia na kile kizingiti cha kujikwaa kinapotea. Na kwenye video za mafundi wa Marekani naona wanafanya hivyo hivyo. Fundi uashi yeye anasema mwaga zege basi. Chumba ni mita 3.6 kwa 4.2. Nani kafanya hii kitu huku pwani, na mbao gani nichukue?

Fundi_Rahaleo:
Mkuu kabla hujauliza mbao gani, uliza maji. Jamvi la gereji mara nyingi watu wanamwaga juu ya kifusi bila nailoni chini, kwa sababu gari halilalamiki. Sasa zege linavuta unyevu toka ardhini muda wote ila wewe huuoni kwa sababu unakaukia hewani, ukishaweka vinili juu umefunika sufuria, ule unyevu hauna pa kutokea, unabaki kwenye mbao na plaibodi mpaka zinaoza kwa chini huku juu bado unaona pazuri. Utashtuka siku mguu unazama.

Pima hivi, haina gharama. Kata nailoni ngumu inayoona, kama sentimita 45 kwa 45, bandika kwenye sakafu na gundi ya utepe pande zote nne pasibaki upenyo, iache isipungue saa 16, mi huwa naiacha toka jioni mpaka kesho yake mchana. Weka katikati, kona zote, na karibu na ukuta wa nje. Ukifunua ukakuta matone upande wa chini wa nailoni au zege limekuwa jeusi, maji yanatoka ardhini. Matone yakiwa juu ya nailoni hiyo ni hewa tu ya bahari, isikutishe.

Na hao wa Marekani wengi wanaweka mbao kwenye vyumba vya chini ya ardhi kwa sababu ya baridi, zege linawaganda miguu. Wewe hapo Shangani mwezi wa kumi na mbili unatafuta baridi kwa tochi alafu uifunike na mbao?

Randa_Lindi:
Fundi Rahaleo usiwatishe watu na mbao, sie tunakula kwa mbao. Kazi ya seremala wake si mbaya, ila kuna namna. Jamvi likiwa kavu kweli, tandika nailoni nzito nyeusi ile ya chini ya jamvi, unene geji 1000, zipandiane sentimita 20, ipande ukutani kidogo. Juu yake laza 2x4 zilizotiwa dawa, zile za kijani, na kila unapokata paka dawa tena kwenye kichwa maana dawa haijaingia mpaka katikati. Nafasi sentimita 40 kati kwa kati. Usipige misumari ya zege kupitia nailoni, ukiitoboa umefungulia maji mlango. Plaibodi ziachane milimita 3, ukutani acha milimita 10, viungo visikutane msalaba, na funga kwa skrubu usifunge kwa misumari, misumari ikilegea mama akienda chooni usiku mtaa mzima unajua.

Kwa chumba chako ni plaibodi 6 za futi 4 kwa 8, na mistari 10 ya 2x4. Urefu unapata sentimita 5 jumlisha 1.8 jumlisha vinili nusu, 7.3, ile 0.7 iliyobaki unapachika vipande vya plaibodi chini.

Mama_Mikindani:
Jamani mbona hakuna anayetaja mchwa?? Nyumba zetu huku hata kabati la nguo lazima ulivute mbali na ukuta. Mchwa hawahitaji mlango, wanapita kwenye ufa wa jamvi au pale bomba linapotokea, wanajenga zile njia zao za udongo gizani, na hapo chini ya plaibodi hakuna atakayewaona. Mninga na mkongo kiini chake hawakigusi kirahisi lakini ile nyeupe ya pembeni wanaila vizuri tu, na plaibodi ya kawaida kwao ni ubwabwa.

Lingine mwanangu, angalia hilo jamvi walitumia mchanga gani. Ukiona unga mweupe wa chumvi unatoka kwenye sakafu au chini ya ukuta na plasta inajimenya, ujue walichota ufukweni. Chumvi inavuta unyevu, hapo hata ungeweka dhahabu.

Mjukuu_Shangani:
Shukrani sana wakuu, shikamoo mama. Nimebandika nailoni kama fundi alivyosema. Katikati pakavu, upande wa korido pakavu. Kona ya nyuma ndo balaa, chini ya nailoni matone yamejaa na zege limekuwa jeusi kama limemwagiwa chai. Nimezunguka nje nikaangalia, kumbe tangi la maji linafurika hapo hapo kila siku na udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani. Unga mweupe sijauona. Sasa nikihamisha bomba la tangi na kuchimba mtaro si naendelea na mbao?

Fundi_Rahaleo:
Tangi lihamishe leo, udongo ushushe mpaka uwe chini ya sakafu angalau sentimita 15 na uelekeze maji mbali na ukuta. Ila kwa chumba hicho mi bado nasema zege, na bahati nzuri sentimita 8 zinakubeba. Nailoni ile ile ya Randa, BRC nyepesi (wavu wa chuma), zege la 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) la sentimita 7.5, vinili nusu, umefika korido bila kizingiti. Simenti mifuko 8 inatosha. Na kwa kuwa nailoni inatenganisha, madoa yako ya oili hayana kazi tena, usihangaike kuyachimbua. Mwagilia siku 7.

Ubaya wake ni kusubiri, hapo seremala kakushinda. Zege linakauka kama milimita moja kwa siku kwa milimita 50 za kwanza, zinazozidi hesabu siku mbili mbili, kwa hiyo yako ni kama siku 100. Tupo mwezi wa saba, kusi inavuma na mvua hamna, ukimwaga wiki hii mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja umeshapima tena kwa nailoni na umetandika. Ukichelewa ukaingia kwenye mvua, hesabu hiyo sahau.

Randa_Lindi:
Kwa kona yenye maji hivyo hata mi nisingeweka mbao, sitaki kuitwa mwakani. Ila mlango upime kabla ya kumwaga, kama bawa linafungukia ndani utalikata chini sentimita 8 nzima, na la geti bora ulipindue lifungukie nje.

Mama_Mikindani:
Na akihamia kabla halijakauka mtandikie mkeka wa ukindu, usimwekee kapeti la plastiki, utakuwa umefunika tena. Vinili ikishawekwa usimpe na vile vizulia vyenye mpira chini, vinaacha madoa ya njano hayatoki.

Mjukuu_Shangani:
Bawa linafungukia ndani. Fundi Rahaleo nimekutumia ujumbe pembeni, njoo uone kona kabla sijaagiza kokoto.