Naomba ushauri: maswali ya wapenzi hayajibiwi kweli

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Tuko Chamwino, Dodoma, tunajaribu dodoso la tabia za kujamiiana kwa vijana wa miaka 15 hadi 24. Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) tunacho, na kwa walio chini ya miaka 18 mzazi anaridhia kwanza, kisha kijana mwenyewe.

Kikwazo ni swali la idadi ya wapenzi katika miezi 12. Wasichana wanaliruka, wavulana wanataja 5 au 10, namba za kukadiria tu. Tumempa kila mmoja mdodosaji wa jinsia yake na kuhamishia mahojiano darasani, mbali na nyumbani. Neno "mpenzi" tumelibadilisha kuwa "mtu uliyefanya naye tendo", maana wa siku moja hawamhesabu. Tafsiri ya Kigogo, lugha ya huku, nayo tumeirudisha Kiswahili kuihakiki. Bado, na inaniumiza, kwa sababu huduma za vijana hawa zitapangwa kwa majibu haya.

Kwa mliofanya vijijini: kipi kinaleta ukweli zaidi, tableti yenye sauti kwenye hedifoni na vitufe vya rangi kwa wasiosoma, au karatasi yenye namba ya siri tu inayotumbukizwa kwenye sanduku lililofungwa?

Pia, fomu ya mzazi muiandikeje iwe ya kweli bila kumfanya aanze kumhoji binti akirudi? Hilo ndilo linalonitisha zaidi.