MJADALA: Wanaoomba msaada wa vifaa, wakishapata hawaonekani tena. Tuwawekee sharti?

Lehemu Baridi
Assalaam alaykum wana kikundi. Leo nnasema, atakayekasirika na akasirike.

Wiki tatu nyuma kijana mmoja kanitafuta saa tano usiku. Salaam hana, jina hana. "Bro tangi halisomi." Tangi la maji, anataka sensa imwambie limejaa wapi. Na picha moja: giza, tochi ya simu, nusu ya picha kidole gumba. Nyuma ya kidole nnaona bodi ya ESP32, ile kompyuta ndogo ya kuendeshea sensa, na waya zote nyekundu. Zote! Namuuliza sensa gani, ananambia "ile ya macho mawili". Haya, HC-SR04, ya kupima umbali kwa mwangwi wa sauti. Nikamueleza ile inatoa volti 5 kwenye mguu wa Echo, ule wa kurudisha jibu, na bodi yake haitaki zaidi ya 3.3, kwa hivyo aweke rizista mbili, ya kilo-omu moja na ya kilo-omu mbili, azigawe hizo volti. "Sina rizista." Nikamwelekeza azing'oe kwenye redio mbovu, nikamchorea na rangi zake. Nikakaa mpaka saa saba namwandikia kodi nzima, maagizo ya kuiendesha bodi, hata ile hesabu ya kugawa maikrosekunde za mwangwi kwa 58 upate sentimita nimeiwekea maelezo ya Kiswahili. Kasoma. Tiki mbili za buluu. Basi mpaka leo. Sijui tangi linasoma, sijui limeripuka.

Na si yeye peke yake. Toka Ramadhani nimesaidia watu kumi na mmoja, waliorudi kunambia imekubali au imekataa ni wanne. Asante siitaki, asante haijazi betri. Nnachotaka ni kujua ilikuwaje, ili mwengine akija na ugonjwa ule ule nijue dawa ilifanya kazi au haikufanya.

Nashauri tuweke sharti. Anayeomba aseme ana kifaa gani, kajaribu nini, na akishamaliza arudi aseme. Hataki, asijibiwe. Tulipokuwa kwenye kiza mwaka 2009, Unguja haina umeme, tulisaidiana bila ya masharti, lakini watu wa wakati ule walikuwa na adabu. Hawa wa sasa, hasa wa kisiwa cha pili, wanachukua wanashuka meli kimya kimya.

Mtoto wa Wesha
"Kisiwa cha pili" ndo wapi huko, sheikh? Sema Pemba, hutoungua ulimi.

Na hicho kiza cha 2009 mnachokisimulia kama vita vya dunia kilikuwa chenu nyie. Siye majenereta ya Wesha yalikuwa yananguruma, taa zinawaka, tunakupigieni simu kukupeni pole. Wangapi waliorudi kutwambia asante kwa pole ile?

Waya Mfupi
Kodi nzima umempa bure? Mie kodi nnazozijua zote huambiwa nizilipe.

Mwalimu wa Fuoni
Waya Mfupi acha utani kidogo, suala ni zito. Mie nafundisha skuli. Watoto hawaombi kuelezwa, wanaomba kumaliziwa. Nikimwambia soma karatasi ya kifaa, ananiangalia kama nimemwambia apande mnazi. Tumefika wapi? Visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, Afrika nzima haijui rangi ni kitu gani, leo mtu hawezi kusoma mistari minne ya rangi kwenye rizista.

Kapasita Kongwe
Januari 1974, mwalimu. Na si Afrika nzima, ni kusini ya Sahara.

Mwalimu wa Fuoni
Ami, 1973. Mambo yote yalianzwa na Mzee Karume.

Kapasita Kongwe
Kuanza kupanga ni kitu chengine. Karume kauliwa Aprili 1972. Picha zinatoka, Rais ni Jumbe. Mie nilikuwepo, nimekaa chini kwenye mkeka na mtaa mzima, seti moja, na mwenye seti anatutoza utulivu.

Mwalimu wa Fuoni
Sawa, lakini bara waliingoja mpaka 1994, na ile ilikuwa ya mtu binafsi. Ya serikali yao ni 2000. Hoja yangu iko pale pale.

Mtoto wa Wesha
Hoja gani? Mada ilikuwa tangi.

Fundi Darajani
Nyie wote mnaliwa na njaa ya sifa. Mie nina meza Darajani mwaka wa tisa huu. Mtu ananiletea simu, namwambia tundu la chaji limekufa, bei yake hii. Anatoa simu nyengine mfukoni, anaandika kwenye kikundi chenu, "wakuu tundu la chaji nalitoaje", dakika tano keshajibiwa na watu wanne na video mbili. Ananitizama anacheka, anaondoka. Jioni anarudi, kang'oa njia za shaba kwenye bodi na kila kitu, anataka nimtengenezee kwa bei ile ile ya asubuhi.

Mnalalamika hawarudi kwenu? Wanarudi. Wanarudi kwangu.

Lehemu Baridi
Kaka, sisi hatufanyi biashara. Tunafanya kwa kupenda. Huwezi kumkataza mtu kumuelekeza mwenzake ati kwa sababu wewe una meza.

Fundi Darajani
Basi kama ni kupenda mbona unahesabu? Kumi na mmoja, wanne. Mtu anayependa haweki daftari.

Waya Mfupi
Hapo umegongwa, Lehemu.

Binti Mtoni
Naomba niseme mambo mawili kisha nirudi kwenye pasi yangu ya kulehemu, inapoa.

La kwanza. Lehemu, huyo mwenye tangi ulimjibu wapi? Chemba. Usiku, wewe na yeye. Sisi wengine ile kodi yenye maelezo ya Kiswahili hatujaiona mpaka leo. Mwezi uliopita mie nimeulizwa swali hilo hilo la Echo mara mbili, nikajibu upya mara mbili, na mie nilijibu chemba vile vile. Sasa kama kila mmoja wetu anafundisha chumbani mlango umefungwa, tusishangae swali moja kuja mara ishirini. Tujibu hadharani. Hata asiporudi mwenyewe, jibu litabaki na mwengine atalikuta. Sharti la kumbana muombaji mie naona ni kuhangaika na mlango wakati paa linavuja.

La pili ni dogo tu. Nikijibu swali hapa, robo ya watu wananifuata pembeni kuniuliza "kaka yako yupo nimuulize yeye?" Na hao nao waandikieni sharti.

Waya Mfupi
Kwani kaka yako yupo?

Binti Mtoni
Yupo. Anauza samaki. Nikuunganishe naye?

Mwalimu wa Fuoni
Dada, si kila anayeuliza hivyo ana nia mbaya. Wengine ni haya tu, kumsemesha mwanamke asiyemjua.

Binti Mtoni
Mwalimu, kanisemesha tayari ili aniulize kaka yangu yuko wapi.

Mtoto wa Wesha
🤣🤣 Mwalimu kaa chini.

Mwalimu wa Fuoni
Nilikuwa najaribu kueleza tu, si lazima mtu akatwe maneno. Na salaam je? Mbona hilo hakuna anayeligusa? Mtu anaingia "bro tangi halisomi". Ukipita barazani watu wanakunywa kahawa huwezi kuwaambia "bro nipe kikombe". Mie sijibu swali lisilo na salaam, na sioni haya kulisema.

Mtoto wa Wesha
Kuna wengine, mwalimu, wanaanza na salaam, hali ya mama, hali ya watoto, mvua huko vipi, na hali ya karafuu mwaka huu. Dakika ishirini hujui anataka nini. Mwisho: "inverta yangu inapiga kelele, niifanyeje?" Inverta ishaungua sisi tuko kwenye hali ya watoto. Mie bora huyo wa bro.

Kapasita Kongwe
Nilikuwa sitaki kuingia tena lakini Lehemu kanichokoza mwenyewe. Nimeisoma ile posti mara tatu. "Watu wa wakati ule walikuwa na adabu."

Disemba 2009 waya wa baharini umekufa, ule wa Kiromoni mpaka Fumba, ulitandikwa 1980. Unguja nzima imezimika mpaka Machi. Wewe Lehemu ulikuja kwangu Michenzani na betri mbili za gari, umezifunga huku na huku hujui, unataka taa na kuchaji simu za jirani. Nilikuuliza umejaribu nini? Nilikuuliza? Nilikutengenezea. Nikakwambia betri hizi si za kunywa mpaka kavu, ikishuka volti 12 hapo zaidi ya nusu ishakwenda, iache. Nikakupa na testa yangu ile ya njano, ya matundu manne, ukapimie. Kweli si kweli?

Lehemu Baridi
Kweli, ami. Na nilikurudishia. Mkononi.

Kapasita Kongwe
Uliirudisha fyuzi imeungua. Hukusema.

Waya Mfupi
😳 Subirini nikapike chai.

Lehemu Baridi
Ami wallahi fyuzi sijui. Ilikuwa inapima vizuri siku nakurudishia, nilipima betri mbele yako.

Kapasita Kongwe
Ulipima volti. Volti kwenye testa ile hazipiti kwenye fyuzi. Ndo maana na mie sikujua, nimepimia betri mwaka mzima. Siku nimepata paneli ya jua nataka kujua inatoa ampea ngapi, naona sifuri. Nikailaumu paneli. Nikairudisha dukani! Nikagombana na mwenye duka! Nyumbani naifungua testa, fyuzi nyeusi.

Mtu hugusisha ampea moja kwa moja kwenye betri, inapiga cheche, anaogopa, anarudisha waya kwenye tundu la volti, ananyamaza. Sasa nambie adabu ya wakati ule ilikuwa ipi.

Fundi Darajani
Daftari la mzee halina ukurasa uliopotea 😂

Lehemu Baridi
Miaka kumi na mitano, ami. Ungeniambia siku ile ile ningekulipa.

Kapasita Kongwe
Na wewe ungeniambia siku ile ile nisingegombana na mwenye duka.

Mwalimu wa Fuoni
Wazee wetu, tusivunjiane heshima. Inawezekana fyuzi ilikuwa imeshaungua kabla ya kuazimwa. Ushahidi haupo.

Kapasita Kongwe
Wewe ulisema 1973.

Binti Mtoni
Jamani. Kujibu hadharani, ndiyo au hapana?

Fundi Darajani
Mkijibu hadharani mie nafunga meza nakwenda kuuza urojo. Kwa heri.

Mtoto wa Wesha
Mie bado nangoja mtu aombe radhi kwa "wanashuka meli kimya kimya". Meli nimeshuka mara mia, na kila mara na mzigo wa watu kichwani. Testa ya Unguja imeharibiwa na Muunguja, Wapemba hatumo.

Lehemu Baridi
Haya, Pemba samahanini. Nilikuwa na hasira.

Ami, mie nadhani nakumbuka cheche. Nilikuwa nyuma ya nyumba, kibatari kinazimika, mtoto analia. Nilidhani nimeua betri, wala sikufikiria testa. Betri ilipopima 12.4 nikashukuru Mungu, nikaweka kila kitu kwenye mfuko. Sikunyamaza kwa kusudi. Nilidhani hakuna kilichoharibika.

Waya Mfupi
Na huyo wa tangi pengine anadhani hakuna kilichobaki cha kusema. Haya nimenyamaza, msinipige.

Konde Mpya
Assalaam alaykum. Mie ndo mwenye tangi. Nimetumiwa huu mjadala na mtu.

Nilikuwa dago, kambi ya uvuvi, ami, wiki mbili na siku. Huko bando likiisha limeisha, na simu tunachajia kwenye boti kwa zamu. Nilisoma kodi usiku ule ule, nikaiweka alfajiri, nikaondoka saa kumi na mbili. Nyumbani walinambia inasoma. Nilivyorudi juzi nakuta inasema tangi lina sentimita tatu na huku linamwagika. Nikafungua kifuniko: sensa imejaa matone, miguu imeota kijani. Mvuke wa tangi na hii hewa yetu ya chumvi, ile ya macho mawili haivumilii. Rizista ulizonipa ziko sawa, nimezipima. Sasa nimeishusha sensa ndani ya kipande cha bomba, nimepaka silikoni nyuma yote, nimeacha macho tu. Siku ya pili leo, inasoma. Kuna ile nyengine isiyoingia maji, ya waya mrefu, lakini ile inaona kuanzia kama sentimita ishirini na tangi langu likijaa maji yanafika karibu na kifuniko, haitofaa labda niipandishe.

Samahani kwa "bro". Nilidhani ni kijana mwenzangu, ile picha yako ya wasifu ni ya Ronaldo.

Binti Mtoni
Bomba la inchi ngapi? Na mvuke haugandi ndani ya bomba lenyewe? Weka picha, ya mchana.

Lehemu Baridi
Ami Kapasita, Jumamosi baada ya laasiri nipo Michenzani. Fyuzi nakuja nayo, ya nusu ampea si ndiyo?

Kapasita Kongwe
Ya nusu. Ya kioo, ndogo. Na uje na betri ya volti 9 vile vile. Ile uliyorudishia nayo haikuwa ile niliyokupa.