BAH kwa mzazi asiye na ndoa anayegawana malezi: kulea, kulipa matunzo au BAH-Diff?

Kijana_Killeen
Wakuu salaam. Uzi huu ni kwa ndugu zetu walioko kwenye jeshi la Marekani, maana swali hili la BAH, yaani posho ya makazi ya askari, linarudi kila mwezi na majibu yanagongana. Tuchukue mfano mmoja: askari wa cheo cha E-5 (sajini) katika jeshi la nchi kavu, hana ndoa, ana mtoto mmoja, na mzazi mwenzake ni raia asiye askari. Mahakama imewapa malezi ya pamoja. Njia zinazotajwa ni tatu: (a) ahesabiwe kuwa ndiye anayeishi na mtoto, (b) alipe matunzo huku akiishi nje ya bweni, (c) alipe matunzo akiwa bwenini na apate BAH-Diff. Wenye kujua watulinganishie. Ipi inasimama, karatasi gani zinahitajika, watu wanakwama wapi?

Karani_wa_Malipo
Mkuu, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja bweni. Wengi huanza na mtoto wakasahau kusema wao wenyewe wanalala wapi.

Msingi ni huu. BAH hupimwa kwa vitu vitatu: cheo chako, msimbo wa posta wa kituo chako cha kazi, na kama una mtegemezi au huna. Idadi ya watoto haiongezi senti, mmoja au watano kiwango ni kilekile. Sheria yenyewe ni kifungu cha 403, juzuu ya 37 ya sheria za Marekani, na utekelezaji wake uko sura ya 10 ya JTR, kanuni za pamoja za safari na posho za wanajeshi. Mtu wa dirisha la malipo akikukatalia, mwombe kwa adabu akuonyeshe aya ya sura hiyo. Neno la mdomo halikusaidii baadaye, wala likikubali wala likikataa.

Sasa njia zako.

(a) Mtoto anaishi kwako. Hapa unapata kiwango cha mwenye wategemezi, na bwenini hukai tena, kwa sababu mtoto hawezi kulala kwenye chumba cha askari wasio na familia. Ndiyo njia imara kuliko zote kwa upande wa posho, lakini inakuja na mzigo wa mpango wa malezi ya familia. Mwingine atafafanua.

(b) Mtoto anaishi kwa mwenzako, wewe unalipa matunzo na hukai kwenye makazi ya serikali. Hapa pia ni kiwango cha mwenye wategemezi, mradi unalipa kikamilifu kile kilichoamriwa na unaweza kuthibitisha. Kumbuka kwamba faida yako si BAH nzima. Ukiwa nje ya bweni tayari unapata kiwango cha asiye na wategemezi, kwa hiyo unachoongeza ni tofauti ya viwango viwili tu. Usipange nyumba kwa kudhani unaongezewa posho yote.

(c) Unalipa matunzo lakini umepangiwa bweni. Sheria inakataza wazi kulipwa kiwango cha mwenye wategemezi kwa sababu ya matunzo peke yake ukiwa kwenye makazi ya jeshi. Badala yake kuna BAH-Diff. Asili yake ni tofauti kati ya posho ya zamani ya makazi ya mwenye wategemezi na ya asiye nao, kama zilivyokuwa mwishoni mwa 1997, na tangu hapo hupanda kila mwaka kwa asilimia ileile ya nyongeza ya mshahara wa msingi. Haitazami mji unaoishi. Killeen na San Diego ni sawa kwa cheo kimoja.

Mtego wa (c) ni kizingiti. Matunzo ya mwezi yakiwa chini ya BAH-Diff ya cheo chako, hupati chochote. Hupewi nusu, hupewi kwa uwiano. Tuseme BAH-Diff yako ni dola 300 na amri ya mahakama inasema 250: ni sifuri. Inasema 300: unapata 300. Kwa hiyo angalia jedwali la mwaka huu la cheo chako kabla ya kusaini makubaliano ya matunzo. Na ukipandishwa cheo, rudi uangalie tena, maana kizingiti kimebadilika na amri yako haijabadilika.

Kosa jingine ninaloliona sana: askari anapanga nyumba mjini kwa hiari yake huku chumba cha bwenini bado kina jina lake. Mbele ya kanuni huyo yuko bwenini. Mpaka uwe na maandishi yanayokutoa bwenini, yenye sahihi ya mwenye mamlaka na tarehe, uko kwenye (c) hata kama funguo za nyumba ya mjini ziko mfukoni.

Wakili_wa_Familia
Karani amesema vema. Naongeza upande wa mahakama, kwa sababu kesi nyingi zinaharibika kabla hazijafika dirisha la malipo.

"Malezi ya pamoja" ni maneno mawili yanayobeba mambo mawili. Kuna haki ya kuamua: shule, matibabu, dini. Na kuna mtoto kuishi kwa nani. Mzazi anaweza kuwa na nusu ya haki ya kuamua na bado mtoto akawa anaishi kwa mwenzake mwaka mzima. Haki ya kuamua peke yake haikupi BAH. Ofisi ya malipo inatafuta mstari unaosema mtoto anakaa wapi, na wewe siku zako zinaitwaje. Zikiitwa matembezi, umeingia kwenye kundi la mzazi asiyelea, hata kama matembezi hayo ni mengi.

Kabla ya kusaini, hakikisha amri ina mambo haya kwa maneno yanayosomeka bila wakili: jina kamili la mtoto, anwani ya mzazi ambaye mtoto anaishi kwake, ratiba yenye siku za kuanza na kuisha, kiasi cha matunzo kwa tarakimu, tarehe ya kuanza kulipa, na nani analipa. Amri za nusu kwa nusu mara nyingi huacha matunzo kuwa sifuri, kwa hoja kwamba kila mzazi anamgharimia mtoto akiwa kwake. Kwa mtoto inaweza kuwa haki kabisa. Lakini askari aliye bwenini akisaini amri hiyo, amejifungia (b) na (c) kwa mkupuo: hana matunzo ya kuonyesha. Amebakiwa na (a), na hiyo lazima aithibitishe kwa ratiba.

Tusichanganye na kodi pia. Kumwandika mtoto kwenye fomu za IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), au mwenzako kukuachia haki hiyo kwa fomu 8332, hakuhusiani na BAH. Ni vitabu viwili tofauti.

Na mzazi mwenzako akisema "BAH ni ya mtoto, nipe yote", hapana. Posho ni ya askari. Ila ajue kwamba majimbo mengi huijumlisha kwenye kipato wakati wa kukokotoa matunzo, ingawa haikatwi kodi.

Kijana_Killeen
Asante sana wakili, asante Karani. Je, mzazi anayelipa matunzo akimchukua mtoto likizo ya kiangazi? Kuna wanaosema hapo bweni linaachwa na BAH nzima inafunguka.

Karani_wa_Malipo
Inawezekana, lakini hesabu iwe sahihi. Mzazi asiyelea hubadilika hali pale mtoto anapokaa naye kwa zaidi ya siku 90 mfululizo. Siku 90 kamili hazitoshi. Likizo ya wiki 10 ni siku 70, haifiki. Tarehe 1 Juni hadi 31 Agosti ni siku 92, hiyo inavuka, lakini shule ngapi zinafunga muda wote huo? Usiunganishe Julai na Desemba, ni mfululizo. Zikivuka, ziwe kwenye maandishi: amri ya mahakama au makubaliano yaliyosainiwa, yanayoonyesha tarehe kabla mtoto hajaja. Na uwe umeshazungumza na kamanda kuhusu makazi, kwa sababu mtoto hatafikia bwenini.

Baharia_Norfolk
Mfano wa mwanzisha uzi una mzazi mmoja tu askari. Wakiwa wote wawili askari mambo yanageuka, na hapo ndipo ugomvi mkubwa uko.

Kanuni ni kwamba mtoto mmoja hawezi kuwazalia askari wawili kiwango cha mwenye wategemezi kwa wakati mmoja. Mama akiwa anaishi na mtoto na tayari anapokea kiwango hicho, au amepewa nyumba ya familia ya serikali kwa ajili ya mtoto huyo, baba anayelipa matunzo hawezi kumdai mtoto yuleyule. Haijalishi analipa kiasi gani. Wakiwa na watoto wawili na mmoja anaishi kwa baba, mwingine kwa mama, kila mmoja anaweza kudai aliye naye. Andikeni kwenye makubaliano nani anamdai nani, kwa jina la mtoto. Mkiachia wazi, kumbukumbu zitagongana mapema au baadaye, na mmoja wenu atarudisha fedha.

Wakati amri ya mahakama bado haijatoka, kila tawi lina utaratibu wake wa matunzo. Kwetu jeshi la majini, mwongozo wa MILPERSMAN 1754-030 unatoa sehemu ya mapato: mtoto mmoja ni 1/6, wawili ni 1/4, watatu ni 1/3. Nchi kavu wanatumia AR 608-99, ambapo kiwango cha BAH RC/T (BAH isiyotazama mji) cha mwenye wategemezi kinagawanywa kwa idadi ya wanaostahili kutunzwa. Jeshi la anga halitaji kiasi. Kwa hiyo usimnukulie mwenzako wa tawi jingine hesabu ya kwenu.

Mama_wa_Bragg
Kwa wanaochagua (a): posho ni nzuri lakini jeshi linataka kujua mtoto atabaki na nani ukitumwa; huo ndio mpango wa malezi ya familia. Kwa nchi kavu ni fomu DA 5305, pamoja na DA 5841 ya kumpa mtu mamlaka na DA 5840 ambayo mlezi anakubali kwa sahihi yake. Watu wanakosea kwa kumweka bibi au shangazi bila kumgusa mzazi mwenzao. Kama mzazi wa pili yupo na hakubaliani, mpango wako unaweza kuvunjika mahakamani wiki moja kabla ya safari. Mshirikishe mapema, apate nakala, asaini kama anakubali.

Ukitumwa nje na mwenzako akafungua kesi ya malezi, sheria ya SCRA, inayowalinda askari kwenye kesi za madai, inakuruhusu kuomba kesi iahirishwe kwa siku zisizopungua 90, na inazuia mahakama kutumia kutumwa kwako kama sababu pekee ya kukunyang'anya mtoto moja kwa moja. Ombi la kuahirisha linataka barua yako na ya kamanda. Msikae kimya mkidhani sheria itajiendesha.

Na nyumba za familia za kambini zinazoendeshwa na kampuni binafsi: unalipwa BAH yako, kisha inaenda kwa kampuni kama kodi. Usitegemee kubakiza chenji.

Mwana_Tanga
Nina swali la wenye watoto nyumbani. Mtoto yuko Tanzania kwa mama yake, baba yuko jeshini huku anatuma matunzo. Inahesabika?

Wakili_wa_Familia
Ndugu, mtoto kuwa nje ya Marekani peke yake hakumwondoi kwenye hesabu. Kinachokwamisha ni ushahidi.

Kwanza uzazi. Kama hamkufunga ndoa, cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili Tanzania) kiwe na jina la baba, na uzazi uwe umethibitishwa kwa namna inayokubalika, ndipo mtoto aingizwe DEERS, daftari la wanajeshi na wategemezi wao. Pili amri. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania, kwa hiyo hukumu kwa kawaida itakuja kwa Kiswahili. Itafsiriwe, na mfasiri aweke tamko lenye sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili. Peleka nakala ya asili yenye muhuri pamoja na tafsiri, si tafsiri peke yake.

Tatu malipo. Fedha iliyobebwa na shemeji kwenye bahasha haipo. Tuma kwa benki au kwa simu, kila mwezi, kwa jina la mtu aliyetajwa kwenye amri, na omba taarifa ya miamala ya miezi yote. Ada ya shule na sare ulizonunua ni wema wako, lakini kwa kawaida hazihesabiki kuwa matunzo yaliyoamriwa, isipokuwa amri yenyewe iseme hivyo.

Karani_wa_Malipo
Namalizia na madeni, maana ndiyo yanayoumiza vijana.

Hali ikibadilika, siku hiyohiyo ina maana. Mtoto amehamia kwa mwenzako, matunzo yamesimama, umerudishwa bwenini: toa taarifa wewe, usingoje ukaguzi. Tofauti ya dola 300 kwa miezi 18 ni dola 5,400, na itakatwa kwenye mshahara. Unaweza kuomba msamaha kwa fomu DD 2789, lakini kama LES (karatasi yako ya mshahara) ilikuonyesha kila mwezi kiwango usichostahili nawe ukanyamaza, ombi ni gumu. Ukiwa umesaini tamko la uongo, si deni tena. Kuna kifungu cha 107 cha sheria ya kijeshi kuhusu taarifa za uongo, na cha 124 kuhusu kuidanganya serikali.

Ushuke kutoka mwenye wategemezi kwenda asiye nao, unapoteza pia ulinzi wa kiwango. Yaani kama viwango vya mji wako vilishuka huku wewe ukilindwa na cha zamani, sasa utawekwa kwenye jedwali la leo.

Kijana_Killeen
Basi kwa E-5 wa mfano wetu, akiamka kesho aanze wapi?

Karani_wa_Malipo
Asome amri yake atafute mtoto anaishi kwa nani na kiasi cha matunzo. Aangalie BAH-Diff ya E-5 ya mwaka huu, alinganishe. Ahakikishe mtoto yuko DEERS. Kisha aende na cheti cha kuzaliwa, amri yenye sahihi ya hakimu na muhuri, uthibitisho wa malipo, na maandishi ya makazi yake, kuwa yuko bwenini au ametolewa. Nchi kavu ajaze DA 5960 (anga ni AF 594, majini ni NAVPERS 1070/602, marini ni NAVMC 10922). Abaki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa, aangalie LES mbili zinazofuata, na fedha ikiingia ya kiwango asichokiomba, asiitumie mpaka aulize.