Mkataba umekwisha, mbu bado wanataka kula: niendelee kwenda kazini?

Mlisha Mbu (Tororo)
Habari zenu wakubwa. Niko kwenye mradi wa utafiti wa malaria, chumba cha kufugia mbu, Anopheles gambiae. Viluwiluwi hula chakula cha samaki kilichosagwa kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Waliokomaa huwekewa pamba yenye maji ya sukari. Ukiwatelekeza, maji yanachafuka na kizazi kizima kinakwenda. Wangekuwa Aedes, mbu wa jamii nyingine, ningeacha mayai makavu, yanakaa miezi. Ya Anopheles hayavumilii ukavu.

Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Kila ukiisha, ni "subiri barua ya Kampala". Hapo kiongozi wa utafiti hupiga simu: "Mwanangu, usiache mbu wafe, pesa iko njiani." Pesa ikifika, mkataba mpya unaanza siku ya kusaini, zile wiki za katikati zimeliwa. Tena kwenye karatasi naitwa mshauri. Mshauri gani anafua neti za vizimba? Nakatwa asilimia 6 ya kodi ya zuio, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) hakuna.

Umeisha tena Ijumaa, na simu imeshapigwa. Mngekuwa mimi mngekwenda?

Mama Maabara (Entebbe)
Usiende bila maandishi, mwanangu. Mtumie barua pepe ya mistari miwili: umeniomba niendelee kuanzia tarehe fulani kwa malipo yale yale, tafadhali thibitisha. Na huo ushauri wao ni jina tu. Saa wanakupangia wao, vifaa ni vyao, ruhusa unaomba kwao. Hiyo ni ajira. Tangu sheria ya NSSF irekebishwe 2022, hata mwajiri wa mtu mmoja anapaswa kuchangia asilimia 10, wewe 5. Tunza hati zote za malipo, uzipeleke kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Pipeti Kavu (Kampala)
Mama, hayo ni ya mwenye akiba. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, kwetu wenye mikataba ya ajira walilipwa notisi. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa aliyepita mwaka angalau mwezi mmoja, aliyepita miaka mitano miezi miwili. Sisi "washauri" tulipewa mkono wa kwaheri tu. Halafu mtu ananiambia wanasayansi waliongezwa mishahara 2022! Waliongezwa walio kwenye orodha ya serikali. Sisi wa miradi tulisoma gazetini.

Mzee wa Bajeti
Nimeongoza miradi. Ruzuku nyingi huja kwa awamu, baada ya ripoti, na mhasibu hasaini kitu akaunti ikiwa tupu. Huyo kiongozi naye amebanwa. Ila chakula cha samaki mbona kinanunuliwa mapema? Mshahara wa mlishaji nao ungewekewa fungu la kuvusha tangu bajeti inaandikwa. Muulize hivyo, kwa adabu, mhasibu akiwepo.

Mlisha Mbu (Tororo)
Barua pepe nimetuma. Amejibu "tutaongea". Basi nimelisha leo, kesho asubuhi ufunguo unakwenda kwa mhasibu.

Mama Maabara (Entebbe)
Asaini kwamba ameupokea, na aandike saa na idadi ya vizimba. Wakifa usije ukadaiwa wewe.