Mjadala: Je, kinu cha nyuklia kiidhinishwe kwa mchemko uliohesabiwa na kompyuta peke yake?

Wapo wahandisi wanaoshikilia kwamba kompyuta za leo huiga mchemko wa maji vizuri kiasi kwamba mamlaka za udhibiti zingeweza kuyaacha majaribio ya maabara, ambayo ni ghali na huchukua miaka. Mimi nawapinga, ingawa sizidharau hesabu zao.

Mwaka 1934 Mjapani Shiro Nukiyama alipasha moto nyaya zilizozamishwa majini, akaonyesha kwamba joto linalotoka kwenye metali huongezeka pamoja na viputo hadi kufikia kikomo. Kikomo hicho kikivukwa, mvuke huigubika metali, maji hayaigusi tena, na joto lake hupanda ghafla hata inaweza kuyeyuka. Kwa maji yaliyo katika shinikizo la kawaida la hewa, kikomo ni takribani megawati 1 kwa kila mita ya mraba. Ndani ya kinu, ambamo maji hupoza nondo za fueli (mirija ya metali yenye urani ndani yake), kikomo hicho hakipaswi kufikiwa.

Sasa tazama sufuria ya aluminiamu iliyochakaa, maji yakiwa yanakaribia kutokota. Viputo hupanda kwa mstari kutoka vidoa vilevile, kwa sababu pale pana mkwaruzo au kitundu kilichonasa hewa. Kompyuta haina habari ya mkwaruzo huo. Mbinu ya hesabu za kompyuta kama ile ya Hirt na Nichols ya mwaka 1981 huufuata vyema uso wa kiputo kilichokwisha kuzaliwa, lakini kizaliwe wapi, na viwe vingapi kwa kila sentimita ya mraba, kwa kawaida huamuliwa na mwenye programu, naye hutegemea vipimo vya maabara. Tena chini ya kiputo kinachokua hubaki utando wa maji wenye unene wa mikrometa chache tu, nao huvukizwa upesi, ilhali nondo za fueli za kinu zina urefu wa mita kadhaa. Kuigawa nafasi yote hiyo katika visanduku vidogo vya kutosha kuuona utando ule hakuwezekani, basi huchomekwa kanuni iliyotokana na majaribio. Kwa hiyo anayesema ameachana na majaribio bado anayala, ila yamepikwa na mwingine.

Wenzangu hunikumbusha kwamba Marekani, iliyokuwa na kanuni kali tangu 1974 kuhusu upoozaji wa dharura wa vinu, ililegeza mwaka 1988 na kukubali hesabu zenye uhalisia zaidi. Ni kweli, kwa sharti kwamba kiasi cha mashaka kikadiriwe. Lakini programu hizo zilipimwa dhidi ya majaribio kama ya LOFT huko Idaho, kinu kidogo halisi kilichoondolewa maji kwa makusudi ili yaonekane yatakayotokea. Mfano huo unanisaidia mimi kuliko wao.

Hoja yao iliyo nzito ni hazina ya vipimo: jedwali la Groeneveld la mwaka 2006, linaloorodhesha kikomo hicho cha joto kwa hali mbalimbali, limejengwa juu ya vipimo zaidi ya 30,000. Hata hivyo ni vya maji ndani ya mabomba, si kwenye nondo. Baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, watengenezaji wamekuwa wakijaribu nondo zilizopakwa kromiamu, na uso mpya huwa na vitundu vyake.

Anayenipinga atuonyeshe hesabu iliyobashiri kikomo cha uso kama huo kabla haujachemshiwa maji hata mara moja.