Mnauza watoto wa mbwa wa ukoo bingwa, majibu ya moyo mnayaficha ya nini?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Uzi huu ni wenu wazalishaji wa mbwa wa maonyesho, hasa nyie wenye koo zenye majina, ambao mnunuzi akiuliza chochote mnamtajia mababu waliopata ubingwa.

Nilimfuata mzalishaji mmoja wa mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, mtu anayeheshimika sana kwenye fani. Nikamwomba majibu ya vipimo vya moyo vya baba na mama. Akanitumia cheti cha nasaba. Nikarudia: moyo. Akanitumia picha ya dume kasimama juu ya meza, utepe shingoni. Nilipombana akaja juu, eti mbwa wake wanakaguliwa na majaji kila mara. Jaji anatazama meno, mwendo, manyoya na umbo la kichwa. Valvu ya moyo (kile kilango cha kuzuia damu isirudi nyuma) inayovuja ataionea wapi?

Na sidai anasa. Ugonjwa wa valvu ya moyo ndio unaoongoza kuwaua mbwa hawa, na unarithiwa. Ubaya wake hauji mapema. Dume wa mwaka mmoja na nusu anaweza kusikika safi kabisa, akashinda, akapandishwa majike wa kila kona, kisha akifika miaka mitano, sita, moyo unaanza kuvuma wakati wanawe wameshajaa kwenye daftari la usajili na wao wameshazaa. Ndiyo maana wafugaji makini wana kanuni yao: mbwa asipandishwe kabla ya miaka 2.5, na wazazi wake wawe wamepimwa wakiwa na miaka 5 na kukutwa salama. Kinachotakiwa ni kusubiri tu. Ila dume akisubiri na ada ya kupandisha inasubiri, si ndiyo?

Halafu mkataba sasa! Jike niliyetaka kumnunua nilipe bei kamili, lakini karatasi inasema mimi na mzalishaji tunammiliki wote wawili. Uzao wa kwanza dume anachagua yeye, na watoto wawili wa mwanzo anachukua yeye. Jike akipata shida ya kuzaa, gharama za upasuaji ni zangu. Hicho kipengele kilikuwa ukurasa wa mwisho, kwa maandishi yaleyale madogo. Na dume aliyeshamchagua ni kaka yake jike kwa baba. Kuuliza, naambiwa ndivyo sura ya ukoo inavyotunzwa.

Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa wa asili safi, ambayo hakuna anayeweza kuiita adui wa maonyesho, tangu 2009 ilikataa kusajili watoto wa baba na binti, mama na mwanawe, au ndugu wa baba na mama mmoja. Nyie mmeisoma kanuni hiyo kama ruhusa ya kila kisichotajwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norwei ikaamua kwamba kuwazalisha Cavalier kwa namna ilivyokuwa ikifanyika kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama, kwa sababu ya magonjwa hayahaya ya kurithi. Mkalia kwamba mnaonewa. Sikusikia aliyewalilia mbwa.

Najua kuna atakayekuja na hoja ya wanunuzi wanaosaini kwamba mbwa ni wa kufuga tu nyumbani, kisha wanamzalisha kimyakimya. Wapo, na ni waongo. Ila hilo halimzuii mtu kunionyesha karatasi ya daktari. Na yule wa "ukitaka afya chukua chotara" apumzike, chotara naye anarithi alichopewa na wazazi wake.

Mzalishaji mwenyewe simtaji, mods msihangaike. Jike bado namtafuta. Mwenye majibu ya moyo ya wazazi, na ya babu na bibi kama yapo, yaliyosainiwa na daktari wa mifugo, yenye tarehe na namba ya chipu ya mbwa, ayaweke hapa tuyaone.