Naomba ushauri: kuomba pamoja na wagonjwa katika safari ya misheni ugenini

Mleta mada

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kanisa letu linatuma timu ya misheni ya tiba katika nchi ya nje, yenye madaktari, wauguzi na sisi wengine tusio na taaluma ya afya. Mimi nimepangwa katika huduma ya maombi, na nitazungumza na wagonjwa kupitia mkalimani kwa kuwa lugha yao siifahamu. Utaratibu uliopendekezwa ni kwamba kila mgonjwa apitie meza ya maombi kabla ya kumwona daktari, na hilo linanikosesha amani. Baadhi yao watakuwa wa dini nyingine, na sidhani kama mtu aliyefika kwa shida, akiwa na maumivu, atathubutu kukataa maombi ilhali anaziona dawa nyuma yangu. Je, niombe kabla ya matibabu au baada yake? Nimwekee mgonjwa mikono? Na nimjibu nini atakayeniuliza kama atapona?

Mchangiaji wa kwanza, muuguzi

Dada, wasiwasi wako una msingi. Mwombe kiongozi wa timu aihamishe meza hiyo iwe baada ya dirisha la dawa. Mgonjwa aliyekwisha kuonwa na daktari, na dawa zake akazishika mkononi, hapotezi kitu akisema hapana. Kwa hiyo akisema ndiyo, utajua ameitaka sala yenyewe. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Baraza la Kipapa la Majadiliano ya Kidini na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa kwa pamoja tamko kuhusu ushuhuda wa Kikristo kati ya watu wa dini nyingi. Humo walisisitiza kwamba katika huduma za uponyaji heshima ya mtu ilindwe, na kwamba udhaifu wake na kiu yake ya kupona visitumiwe kumnyonya. Makanisa hayo hutofautiana katika mambo mengi, lakini katika hili walisema kwa sauti moja.

Kuhusu kuweka mikono, omba ruhusa kila mara, nawa mikono kabla ya kumgeukia mgonjwa mwingine, na usiguse kidonda wala mahali panapouma. Zaidi ya yote, usiseme neno lolote litakalomfanya mgonjwa aache dawa. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na mgonjwa huanza kujisikia nafuu mapema sana. Akisikia kwako kwamba amekwisha kupona, anaweza kuacha vidonge katikati, na ugonjwa unaweza kumrudia ukiwa sugu.

Mchangiaji wa pili

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Wapo wagonjwa wanaotetemeka kabla ya kupasuliwa au kung'olewa jino, na sala fupi huwatuliza kuliko maneno mengi. Anayeomba mwenyewe aombewe kabla ya tiba asinyimwe kwa sababu ya utaratibu wa meza.

Mchangiaji wa tatu, mkalimani

Nakubaliana na aliyetangulia, mradi ombi litoke kwa mgonjwa. Nimetafsiri kwa timu nyingi za wageni, na jambo ninaloliona likisahauliwa mara kwa mara ni siri ya mgonjwa. Mahali pa huduma huwa pamejaa, foleni iko hatua chache kutoka kwenye kiti chako, na sala inayoutaja ugonjwa kwa jina husikika mara mbili: kwanza kwa lugha yako, kisha kwa lugha ya jirani zake na wakwe zake waliosimama pale pale. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi anaweza kurudi nyumbani siri yake ikiwa imetolewa hadharani na watu waliokuja kumsaidia. Mwombee bila kuutaja ugonjwa, Mungu anaujua.

Keti usawa wa macho yake, mtazame yeye wala si mkalimani, na useme sentensi fupi fupi. Kabla ya sala, muulize angependa mumwombe Mungu nini. Katika Marko 10:51 Yesu alimuuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Nimeketi na mama mwenye goti lililovimba hata hawezi kulikunja, timu nzima ikiwa tayari kuliombea lile goti, naye alipoulizwa akasema tumwombee mwanawe ambaye hajulikani aliko. Tusingeuliza, tungemwombea kitu ambacho siku ile hakikuwa mzigo wake. Na iwapo mkalimani wako si Mkristo, usimlazimishe kuyabeba maneno ya sala kinywani mwake. Mweleze mgonjwa kwa ufupi unaloomba, kisha omba kwa lugha yako.

Mchangiaji wa nne, mchungaji wa hospitali

Akikuuliza kama atapona, usimwahidi. Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke, na jibu alilopewa ni neema ya kumtosha (2 Wakorintho 12:8-9). Wala usimtafutie dhambi iliyomletea ugonjwa, kwa maana Yesu mwenyewe alilikataa wazo hilo mbele ya yule kipofu katika Yohana 9. Mwambie kwamba hujui, kwamba daktari atafanya awezalo, na kwamba utamwombea. Pia someni sheria za nchi mnayokwenda: Katiba ya Nepal ya mwaka 2015, kwa mfano, inakataza kumbadilisha mtu dini katika kifungu chake cha 26, na mnapoondoka ninyi, wenyeji waliowapokea ndio wanaobaki na maswali ya polisi.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Kiongozi wetu amekubali kuihamisha meza. Limebaki swali moja: mgonjwa aliyepoteza fahamu nimfanyeje, ikiwa hawezi kunipa ruhusa?

Mchangiaji wa nne, mchungaji wa hospitali

Waulize ndugu zake walioketi naye, na wakikataa, heshimu. Wakikubali, jitambulishe kwake kwa jina na umwambie unachotaka kufanya, kwa sababu huenda anasikia, kisha omba kwa sauti ya chini na usikae muda mrefu. Asipokuwepo ndugu yeyote, omba kimya moyoni bila kumgusa, na umwachie muuguzi nafasi ya kufanya kazi yake.